Mpaka Wangu Kwenye Njia ya Maporomoko

Kihamba changu, hili shamba la migomba lenye nyumba yangu, kiko njiani. Hiyo ndiyo shida yangu, nisizunguke. Ukipanda kutoka Moshi mjini, ukaacha lami, ukapita kanisani na pale wanapochinjia mbuzi, unafika kwangu. Na ukipita kwangu unashuka korongoni kwenye maporomoko ya maji. Maporomoko yenyewe mimi nayaona tangu nimeolewa. Ni maji yanaanguka. Tulikuwa tunafulia nepi pale. Leo watu wanapanda ndege kuja kuyaangalia, wanavua viatu, wanapiga kelele: "Wau! Wau! Wau!" Utadhani mbwa wa jirani kaona paka. Nikiwa jikoni namenya ndizi, nikisikia wau moja najua mtu ametia kidole cha mguu tu. Zikifuatana najua wamezama mpaka shingoni, maana maji yale yanatoka juu mlimani na hayana huruma na mtu.

Wageni siwachukii. Niliseme hilo mapema, kwa sababu mtoto wa shemeji yangu anatangaza kijiji kizima eti mama mkubwa hapendi wageni. Mgeni akiingia kwangu anapewa kigoda na chochote kilichomo chunguni. Hata yule aliyeonja mtori wangu wa ndizi akakunja uso kama anameza kwinini, nilimcheka tu nikamwongezea. Kinachonichosha si wageni, ni huyo anayewaleta.

Baba yake ni mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo yeye kwangu ni mtoto, nimemfuta kamasi kwa kanga yangu hii. Akaenda Dar akakaa huko, akarudi na miwani myeusi na sauti mpya. Zamani alikuwa anaongea kama sisi, maneno yanatoka tumboni. Sasa yanatokea puani: "Shikamoo mama mkubwaaa! Leo nina vichwa sita, fulu programu. Tunaanza na kahawa, tunakuja maporomoko, tunapiga msosi, halafu nawashusha maji moto kule Bomang'ombe wakaogelee." Vichwa! Anazungumza kama anapeleka ng'ombe mnadani.

Akifika nao kwangu anasimama katikati ya uwanja, mikono hewani, anawaeleza mambo yangu kwa Kizungu. Kizungu sijui, ila mkono wake nauelewa. Mkono ukienda huku, anasema jiko la moshi. Ukienda kule, ng'ombe wa zizini. Ukija kwangu, wote wananiangalia na kutikisa vichwa kwa huruma, na mimi sijui nimesingiziwa nini. Ng'ombe wangu ameshapigwa picha mpaka akisikia hatua za watu anageuza uso mwenyewe, anaonyesha upande wake mzuri.

Hayo yote nilikuwa nayacheka. Jioni nawaigizia akina mama wa jumuiya, natembea kama mgeni mwenye kamera kifuani, naongea kwa pua kama yule mtoto, tunacheka mpaka rosari inachelewa. Kicheko kiliisha siku aliyogusa masale.

Kwa asiye wa huku nieleze. Mpaka wa kihamba kwetu si ukuta wala seng'enge. Ni masale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, unachomeka tawi kwenye udongo linaota lenyewe, babu analipanda, mjukuu anazeeka, lenyewe limesimama tu. Isale la mpaka halihamishwi. Anayeling'oa afadhali angeniibia mbuzi, maana mbuzi ningenunua mwingine. Na isale hilo hilo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unachuma jani, unamwendea, unampa kwa mikono miwili. Akiletewa isale hakatai. Atanuna, atalia, lakini atapokea. Na akishapokea yamekwisha, halisemi tena lile neno. Hata kama moyo bado unachemka kama maharage.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, binti yangu akaja kunichukua nikaangaliwe macho hospitali mjini. Nikakaa kwake siku kidogo, nimefungwa jicho, nakula wali, nasikiliza redio. Nikarudishwa na bajaji. Pale njia ya kwangu inapoachana na barabara nikaona kitu kimesimama. Masale! Yamepangwa huku na huku, mistari miwili, na juu yake ubao una maandishi. Kusoma sijui, nikamuuliza binti yangu umeandikwa nini. Akasoma. "Umeandikwa karibu, mama." Nikasema, haya, mtoto ametengeneza geti, limependeza, mti wa kwetu.

Nikaingia ndani ya kihamba kuangalia ndizi zangu. Jicho moja limefungwa, lakini lile moja liliona ya kutosha. Kanjia ka mguu mmoja kalikuwa kamegeuka barabara. Kamechongewa ngazi, kamewekewa mbao za kushikilia. Na pembeni, kutoka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, mpaka mdomoni mwa korongo, pale ambapo masale yalikuwa yamesimama tangu enzi za baba mkwe, hakuna kitu. Udongo umesawazishwa na kukanyagwa na mabuti mpaka unang'aa. Ndipo nikajua masale ya getini yametoka wapi.

Nilikaa chini palepale. Binti yangu akadhani ni jicho.

Watu wa mjini wataona ni majani tu. Wale waliokata mpaka ule wamelala chini ya migomba, na mume wangu amelala pamoja nao. Waliobaki wanaojua mpaka unapita wapi ni wawili: mimi na shemeji. Mwanangu yuko Mwanza, anajua bei ya sato na sangara, mpaka wa kwao hajui. Shemeji ana watoto wa kiume watano. Na upande wangu wa mpaka, kandokando ya mfongo, ndipo zinapoota ndizi nzuri kuliko zote. Sasa mimi nikilala leo nisiamke, mwanangu atakuja kuzika, ataangalia huku na huku, ataambiwa na watu watano, "Kaka, chako kinaishia hapa." Atasema nini?

Nikamwita yule mtoto. Akaja, miwani kichwani.

"Shikamoo mama mkubwa. Pole na jicho."

"Marahaba. Masale yangu yako wapi?"

"Ah, usimaindi mama mkubwa. Nimepanua njia kidogo. Kuna mgeni alikuwa bonge, akakwama kati ya mgomba na isale, ikawa aibu."

"Kwa hiyo mgeni amenenepa kwao, mimi ndiyo nipunguziwe shamba?"

"Si yapo mama mkubwa? Yako getini. Hata wageni wanayasifia."

"Na mpaka uko wapi?"

Akacheka, akanigusa bega. "Mpaka si uko kichwani? Sisi ni familia moja bwana."

Kichwani! Kichwa chenyewe kina jicho moja.

Nikaenda kwa shemeji. Shemeji yangu hasemi neno bila kutanguliza kikohozi, na si mgonjwa, ni kujipa muda wa kufikiri. Nikamkuta na pombe yake ya mbege kivulini. "Khe khe. Karibu shemeji. Khe. Kaa." Nikamweleza. Akanywa. Akapangusa mdomo. "Khe khe khe. Mtoto anatafuta maisha, shemeji."

"Atafute. Ila asiyatafute kwangu. Namtaka aje na isale, mbele yako, na masale yarudi yalipokuwa, wewe ukiwa unaona na mimi ninaona."

"Khe. Nitamwambia."

"Na wewe mpaka unaukumbuka?"

Hapo alikohoa sana. Mtu anayekumbuka anasema nakumbuka.

Nikangoja. Jicho likafunguliwa, bado linaona ukungu, na mimi bado nangoja. Vichwa vinapita asubuhi, vinapita mchana, mabuti yanazidi kusawazisha. Jumapili nikaamua nimvizie yule mtoto baada ya misa. Akaniona nimesimama mlangoni, akaongeza sala. Mtu ambaye hata Baba Yetu anaikimbiza, siku hiyo alipiga magoti akafumba macho, anatikisa midomo kama mtakatifu. Watu wakaisha. Mfagiaji akafika benchi lake, akamwambia, "Kaka, inua miguu." Bado anasali. Nikarudi nyumbani mwenyewe, kuku walikuwa hawajala.

Basi siku moja wakaja wageni wamevaa kofia. Niko uwanjani nachambua maharage nikawasikia wanakuja. Mbele kuna mama mmoja wa Kizungu, mzee kama mimi, mrefu kama nguzo ya umeme, uso umeungua na jua hadi pua inamenyeka. Akanijia. Nyuma yake yule mtoto amenyanyua simu, anachukua video. Yule mama akainama, akaninyooshea mikono miwili. Mikononi ana jani la isale.

"Shi-ka-moo bi-bi," akasema. "Sa-ma-ha-ni sa-na." Kila neno analiweka chini polepole kama yai.

Isale naletewa na mtu ambaye simjui, sijawahi kula naye, hajanikosea hata kwa kuniota. Na kukataa siwezi.

Nikamwangalia yule mtoto. Kutoka nyuma ya simu anaongea kwa pua: "Pokea mama mkubwa, pokea. Tabasamu kidogo. Angalia huku."

"Mwulize huyu mama amenikosea nini mimi."

Akageuka, akasema Kizungu kirefu. Wageni wote wakaweka mikono vifuani: "Ooooh."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia umefurahi sana, unawabariki."

Jamani. Nililipokea lile jani, kwa sababu uso wa yule mama ulikuwa wa kweli. Nikamshika kiganja, nikamwambia, "Aika, asante mama, nimekusamehe. Lolote ulilonikosea tangu uzaliwe." Halafu nikamgeukia yule wa simu. "Huyu nimemsamehe. Wewe bado."

"Lakini mama mkubwa, isale si umepokea? Ni langu hilo, nimelituma."

"Ukiumwa unamtuma mtu akanywe dawa?"

Akacheka kwa nguvu, ili wageni wadhani ni utani wa kwetu, akawaonyesha njia ya maporomoko: twendeni, twendeni. Nikamwaga maharage kwenye ungo, nikabeba kigoda changu, nikapita kwa mkato wa migomba nikawatangulia. Nikakiweka katikati ya ile barabara yake, pale lilipokuwa isale la kwanza karibu na mfongo. Nikakaa, nikakunja kanga magotini.

"Mpaka ulikuwa hapa," nikasema. "Masale hayapo, basi nimekaa mimi. Hapiti mtu."

Nilitegemea watashtuka. Watashtuka nini! Wakatoa kamera. Mmoja akachuchumaa pembeni yangu akanyoosha vidole viwili, akapigwa picha. Mwingine akanipa biskuti. Kijana mmoja mwenye ndevu akakaa chini na yeye, miguu amekunja, akafumba macho, akadhani ni ibada. Mimi nimevimba kwa hasira, wao wanasema, "Biutifu, biutifu."

Yule mtoto akaniinamia sikioni. Sauti ilikuwa imeshatoka puani, imerudi tumboni alikozaliwa nayo.

"Mama mkubwa, nakuomba. Saa nane tuwe maji moto. Gari linasubiri."

"Maji ya moto yatapoa?"

"Unaniharibia kazi."

"Kamwite baba yako."

"Mzee amepumzika."

"Kamwamshe. Mimi sina safari."

Akapiga simu. Shemeji akaja na fimbo yake, anakohoa tangu getini. Akawaona wageni, akavua kofia. Akaniona mimi, akaivaa tena.

"Khe khe. Shemeji, mbele za wageni?"

"Wageni hawajui tunachosema. Onyesha mpaka."

Akatembea. Akaangalia mgomba huu, akaangalia mgomba ule. Halafu akachomeka fimbo. Pamoja na uzee wangu niliruka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa ameichomeka ndani kwangu, hatua nzima, upande wa ndizi za mfongo.

"Hapo?" nikasema. "Hapo, shemeji? Hapo ndipo mama mkwe alipokuwa anamwaga majivu yake, na wewe unatembea bila suruali unayachezea!"

"Khe. Mimi nakumbuka hapa."

"Unakumbuka mbege!"

Tukapandishiana. Mimi namwigiza kikohozi chake mbele ya watu, yeye ananiita mwanamke wa maneno kuliko redio. Wageni wanageuza vichwa, huku, kule, huku, kule, kama wanaangalia mpira. Kumbe yule mtoto anawatafsiria, na anachotafsiri Mungu ndiye anajua, maana walikuwa wanatabasamu.

Nikamnyang'anya shemeji fimbo. "Chimba," nikamwambia yule mtoto. "Chimba pale baba yako anaposema, halafu uchimbe hapa nilipokaa. Isale lililokaa miaka yote hiyo hulimalizi kwa kulikata. Mizizi iko chini."

"Na viatu hivi vyeupe?"

"Vua."

Jembe likaletwa. Akachimba kwenye fimbo ya baba yake. Udongo mweusi, mlaini, minyoo ya afya njema, hakuna mzizi. Akasogea akachimba chini ya kigoda changu. Jembe halijazama vizuri likatoka na nyuzi za rangi ya chungwa, zimesokotana kama nywele. Mizizi ya isale ina rangi hiyo, na pale hapakuwa na mmea mwingine wa kuitoa. Akachimba mbele kidogo, rangi ya chungwa. Mbele tena, rangi ya chungwa. Mstari umenyooka kutoka mfongo hadi korongoni, na wote tunauona.

Nikamtazama shemeji. Hakukohoa. Alivua kofia akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Nilidhani nakumbuka," akasema, taratibu sana. Hapo ndipo niliogopa kweli, zaidi ya alipokuwa anabisha. Kama alikuwa ananiibia, nimemkamata. Lakini kama alikuwa amesahau, basi mpaka ule ulikuwa umebaki na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiyo kwanza ametoka hospitali.

"Rudisha masale," shemeji akamwambia mwanawe. "Yote. Sasa hivi."

"Baba, saa nane..."

"Yote!"

Yakabebwa kutoka getini. Yalikuwa hayajafa, isale si mmea wa kufa upesi. Yule mtoto peku, jasho linamtoka, anachimba, anachomeka, anakanyagia. Mimi nasimama huku, baba yake anasimama kule, tunanyoosha mstari kwa macho matatu mazuri tuliyonayo wawili. Na kila isale likisimama, wageni wanapiga makofi. Jambo linanikosesha usingizi, wao makofi! Yule mama mrefu akataka kusaidia, akashika moja akalichomeka vizuri kabisa, na kwa hilo sina neno naye.

Lilipochomekwa la mwisho, shemeji alimsukuma mwanawe mgongoni. Yule mtoto akachuma jani. Akaja mbele yangu, mikono imejaa udongo, akalishika kwa mikono yote miwili, akainama. Hakuna simu, hakuna miwani.

"Mama mkubwa, nimekosa."

Mimi nilikuwa na maneno yangu. Niliyapanga tangu siku ile ya bajaji, usiku nayarudia kitandani, pengine kwa sauti yangu, pengine kwa sauti ya marehemu mume wangu, ambayo naiiga vizuri kuliko zote. Nilitaka nimwambie habari za kamasi na kanga, nimwambie habari za sala ndefu ya Jumapili, nimwambie kichwa changu si mahali pa kuhifadhia mipaka ya watu. Lakini jani limeshakuja, na ukishapokea hulisemi tena lile neno. Yale maneno yote yakanikaa kooni kama kipande cha kiazi.

Nikapokea. Ungefanya nini?

Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akavaa viatu vyake. Wageni wakaanza kuzunguka kwa upande wa shemeji, mmoja mmoja, wanashuka korongoni. Yule mtoto akabaki nyuma kidogo. Akashusha miwani kutoka kichwani, na sauti ikapanda, naisikia inapanda, mpaka ikafika puani.

"Mama mkubwa, hawa jamaa wamekubali ile mbaya. Wanasema hawajaona kitu kama kile safari nzima. Kesho nina vichwa vinane. Unaweza kuwakalia njiani tena? Hata kidogo tu. Na mzee aje mkohoane."

Nililiangalia jani mkononi mwangu, bichi, bado lina udongo. Kumkasirikia siruhusiwi.

"Waje saa nne," nikamwambia. "Na uje na jembe. Masale matatu ya mwisho, yale ya karibu na korongo, hujayakanyagia."